Majani Niliyosema Ninayapumzisha

Kwamboka, binti yangu,

Mvua ya leo imeanza kabla ya saa yake, nami nashukuru, kwa sababu imekuzuia huko Ekerenyo ulikoenda kumuaga shangazi yako, na mimi nimebaki na meza peke yangu. Baba yako yuko barazani. Tangu asubuhi anatengeneza zipu ya mkoba wako. Zipu haina shida. Niliijaribu mwenyewe jana, inafunga na kufunguka vizuri tu, lakini yeye ametafuta mkasi na kipande cha mshumaa na ameiinamia kama fundi aliyelipwa. Mwache. Kila mtu ana namna yake ya kumsindikiza mtoto.

Namna yangu ni hii barua. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema jambo la moyoni ama nalia ama nafoka, mara nyingi yote mawili kwa pamoja, halafu wewe unaanza kunibembeleza, na mwishowe tunazungumza juu ya kichwa changu kuuma badala ya lile nililotaka kusema. Karatasi hainibembelezi.

Sitakuandikia habari za sweta. Sitakuandikia kwamba asubuhi za Naivasha zina baridi, wala kwamba unga wa wimbi uko chini ya viatu na njugu ziko mfuko wa pembeni. Hayo tumeyasema mpaka nimekuona ukigeuza macho. Nataka kukuandikia habari ya Jumanne.

Jumanne jioni nilikuwa natoka kumpa ndama maji. Wewe ulikuwa nyuma ya tangi, umekalia kikapu cha kuchumia majani chai ulichokigeuza chini juu, simu sikioni, unaongea na rafiki yako Nyaboke. "Niko poa kabisa," ulisema, ukacheka. "Si unanijua? Naenda kuanza upya. Usijali." Sauti ilikuwa tamu, ungedhani unatangaza harusi. Halafu ukakata simu, ukaegemeza paji la uso kwenye magoti, ukakaa hivyo mpaka ndama akaanza kunililia ndoo. Ulipoinuka ulijipangusa kwa leso, ukaingia jikoni, ukaniuliza, "Mama, niweke chai?"

Nami nikasema weka.

Hicho ndicho kinachoninyima raha tangu siku hiyo. Si kulia kwako kulikonishtua. Mtu ambaye duka alilofanyia kazi limefungwa bila notisi ya maana, akarudi na mabegi mawili kukaa kwa mama yake, akatuma maombi ya kazi hadi akachoka kuyatuma, kisha akaitwa kwenye shamba la maua huko Naivasha ambako hajui hata mtu mmoja, mtu huyo akilia nyuma ya tangi hakuna ajabu. Nilishtuka kwa sababu niliijua ile sauti ya kwenye simu. Ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha, na siku niliyokufundisha naijua. Nadhani hata wewe unaijua, ingawa hatujawahi kuitaja.

Nianzie nyuma kidogo, maana wakati ule ulikuwa mtoto na vitu vingi uliviona kwa chini.

Tulipokuwa tukiishi Kisii mjini, juu ya lile duka la vitambaa, mimi nilikaa mapokezi katika ofisi ya wapima ardhi. Unakumbuka viatu vyangu vya kisigino, ulikuwa ukivivaa ukianguka navyo sebuleni. Kazi ile niliipenda, Kwamboka. Watu wa huku wanavyogombania mipaka unawajua. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wakiingia pale hawatazamani, kila mmoja ameshika hati yake, na mimi nawapa viti, nawauliza habari za mvua, nawatafutia soda. Wakiitwa ndani tayari wameanza kusemezana. Bosi wangu alikuwa akisema mimi ndiye ninayepima, yeye anachora tu. Nililiamini neno hilo kuliko nilivyopaswa.

Kisha mzee yule akazeeka, watoto wake hawakuitaka ofisi, akaifunga. Muhula uleule baba yako akahamishwa, akapelekwa kufundisha kaskazini, mahali ambapo barua ya uhamisho ilipokuja ilibidi tupatafute kwenye ramani ya vitabu vyako vya shule. Tukakubaliana kwamba kodi ya mjini haina maana tena. Mimi na wewe tukaja hapa Nyaramba, kwenye nyumba hii ambayo tulikuwa tukiijua kwa Krismasi tu.

Kwa hiyo kazi, mume na nyumba viliniondokea kwa mkupuo. Na unajua niliwaambia nini watu? Niliwaambia ni baraka. Hewa safi, maziwa ya ng'ombe wetu, mtoto atajua kwao. Niliisema hiyo hotuba mara nyingi hadi wewe ukawa unanimalizia.

Kwetu kando ya ziwa, mtu akifa tunalia mpaka ng'ambo wasikie. Tunakimbia huku na huko, tunamwita marehemu kwa majina yake yote, na ukinyamaza watu wanakutilia shaka. Lakini kazi ikifa hakuna anayekuletea kiti. Hakuna matanga ya meza ya mapokezi. Nilitafuta mahali pa kuuweka uzito ule nikakosa, nikaubeba hivyohivyo huku nikitabasamu.

Na hapa kila mtu alikuwa ananitazama, au nilidhani hivyo. Mke Mjaluo, mtoto wa samaki, ameletwa katikati ya majani chai, tuone. Ekegusii changu, lugha ya kwa baba yako, kilikuwa cha salamu tu. Nilijua kuulizwa nimeamkaje na kujibu buya mono, vizuri sana. Hata ningekijua chote hadi mafumbo yake, nafikiri ni jibu hilo moja ningelitumia.

Jirani tuliyepakana naye alikuwa Mama Bosibori. Leo unamwita shangazi na kula kwake bila kualikwa, lakini mwaka ule nilimwogopa kuliko nyoka. Sauti yake ilivuka bonde. Alikuwa akikusanya ndizi huku milimani na kuziuza Keumbu kando ya barabara, na pamoja na ndizi alisafirisha habari za watu, zikafika zikiwa zimeiva. Siku ya kwanza alinipokea kwa kicheko. "Omogere," aliniita, yaani Mjaluo, na jina hilo hajaliacha mpaka leo, "hiyo mikono yako imezoea kalamu. Majani itakutoa kucha."

Lakini ni yeye aliyeniingiza kwenye egesangio. Wewe umekua ndani ya kikundi hicho na hukioni kama kitu. Wanawake wa mlima huu wanachukua shamba moja leo, jingine kesho kutwa, wanachuma au kupalilia kwa zamu, na zamu ikikufikia wanakuja wote kwako, wewe unapika. Walinifundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi. Walinicheka, nikacheka nao. Miezi ya kwanza nilikuwa hodari, uliza mtu yeyote. Nilitaka waseme kwamba mke wa mwalimu si mzigo.

Siwezi kukuambia siku mambo yalipoharibika, kwa sababu hayakuja na siku. Asubuhi moja nilikaa kitandani nikiwa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na nilipozinduka chai yako ilikuwa imechemka ikamwagika yote. Kesho yake hivyohivyo. Sikuwa na huzuni ya kulia. Ningekuwa nalia ningejua la kufanya. Ilikuwa tu kwamba kila kitu kilikuwa mbali, hata kitana kilichokuwa mezani. Mchana nikawa nalala, usiku naangalia mabati. Nyumba ikawa chafu, nikaanza kuifunga mlango.

Hata hivyo egesangio niliendelea kwenda. Hapo ndipo pa ajabu. Kwenye mashamba ya wenzangu nilikuwa wa kwanza kufika na mwenye mizaha kuliko wote. Nilikuwa nawachekesha mpaka wanaweka vikapu chini. Kisha nikirudi hapa, nakaa kwenye kiti cha karibu na mlango na viatu vyenye matope, sina nguvu ya kuvivua. Nilitumia kila nilichokuwa nacho kuwaonyesha watu kwamba ninacho.

Zamu yangu ilipofika, nikaona hatari. Wangekuja, wangeingia jikoni, wangeona. Basi nikawaambia, "Nendeni kwa mwingine. Mimi nayapumzisha majani, nataka kuyapogoa."

Uongo mzuri lazima uwe na shina la kweli, na huu ulikuwa nalo. Wewe unajua kwamba kabla ya kupogoa, mtu huacha kuchuma kwa majuma kadhaa ili mti ujikusanyie nguvu, halafu ndipo unaukata hadi magotini. Kwa hiyo wakanikubalia. Wengine walinisifu, wakasema Mjaluo amejifunza kazi. Majani yakaachwa. Na majani chai yakiachwa hayajui aibu, yanapanda. Yakafika kifuani, yakafika begani. Shamba la mtu mgonjwa ndani unaweza kulijua ukiwa barabarani, lakini langu lilikuwa na maelezo.

Nawe ulikuwa msemaji wangu. Uliulizwa kisimani, uliulizwa kanisani, uliulizwa pale kwenye kituo tunakopeleka majani kupimwa. "Mama yako siku hizi haleti majani?" Ukajibu bila kupepesa, "Anayapumzisha. Atapogoa." Siku moja baba yako alipiga simu nikakusikia ukimwambia hivyohivyo. Uliongeza hata la kwako, kwamba nimenunua panga jipya. Mimi nilikuwa nimelala chumbani nikisikiliza, na unajua nilihisi nini? Nilihisi nafuu. Nikajigeuza nikalala.

Msimu wa kupogoa ukafika. Milima yote ikawa vijiti, kila shamba limenyolewa, isipokuwa letu lililosimama katikati likiwa kijani kibichi. Uongo wangu ukaisha muda. Asubuhi moja Mama Bosibori alikukuta njiani ukienda shule. Mlisimama chini ya dirisha langu na hamkujua.

"Kwamboka, mama yako atakata lini hii majani? Imekuwa miti. Ndege itajenga hapa."

Nilingoja ulitoe jibu letu. Ukasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisahau, "Mama hapumzishi majani. Mama hawezi kuamka."

Sikusikia alichokujibu. Nilisikia tu kwamba hakucheka. Ulipopita nyumbani saa ya chakula cha mchana, niliamka. Siku hiyo niliweza kuamka vizuri sana. Nilikushika mkono juu ya kiwiko, nikakuminya, nikakuambia, "Nani alikutuma kutangaza nyumba yangu? Ukiulizwa, mama yako yuko sawa. Umesikia? Yuko sawa."

Ukasema, "Nimesikia."

Sikukupiga. Labda ningekupiga ungesahau. Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa umebeba peke yako jambo lililomshinda mtu mzima, ukapata mahali pa kulitua, nami nikakuokotea na kukutwika tena. Kisha ukarudi shule bila kula.

Kesho yake walikuja wote. Nilisikia mapanga yakinolewa kwenye jiwe, nikachungulia kwa pazia, nikawaona wametanda shambani kwangu, sketi zimekunjwa, wanakata. Hawakubisha hodi. Nilikaa kitandani nimevaa nguo ya siku tatu, nikiwachukia kila mmoja kwa jina lake. Jua lilipopanda Mama Bosibori akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akawasha moto, akaanza kutafuta sufuria safi. Hakupata. Akachukua chafu, akaanza kuisugua kwa majivu. Nilitoka nikasimama pale mlangoni.

"Sikuwaita," nilimwambia.

"Haukutuita, ndiyo."

"Sasa mmekuja kuangalia nyumba yangu."

"Nyumba hii tumeona kitambo," alisema, hakuacha kusugua. "Hata kama umefunga mlango, moshi haitoki, si tunaona? Sisi tumekuja zamu yako. Iko pale tangu ile mwezi. Wewe umefanya kwangu, umefanya kwa Mama Moraa, umefanya kwa kila mtu. Hakuna mtu anaweza kula zamu ya mwenzake, Omogere. Leta maji."

Nikaleta maji. Nilipoyaweka chini nikaanza kulia, na nililia kikwetu, Kwamboka, kwa sauti yote, nikaita ofisi yangu, nikamwita baba yako, nikamwita marehemu mama yangu. Wanawake wakaja mbio na mapanga mikononi wakidhani nimeungua. Wakasimama hawajui watazame wapi. Wakisii hamlii hivyo. Mwishowe mmoja akauliza taratibu, "Kwani nani amekufa?" Mama Bosibori akajibu, "Kazi yake ya Kisii." Na wote wakasema pole. Walisema pole ya kweli, mmoja mmoja, wakanishika mkono kama inavyofanywa penye msiba. Nilikuwa nimeingoja pole hiyo karibu mwaka mzima.

Nisikudanganye kwamba nilipona siku hiyo. Kulia kulifungua mlango tu. Mama Bosibori alinipeleka kituo cha afya, akaniketisha kwenye benchi akakaa nami, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusimulia habari za mtu. Nilikuwa nimeamini kwamba mshauri nasaha ni wa watu waliovua nguo sokoni. Kumbe palikuwa na msichana mpole, umri wako wa sasa, aliyeniuliza ninalalaje na ninakula nini, akangoja jibu. Aliupa ugonjwa wangu jina. Nilirudi kwake mara nyingi, na kwa muda nilimeza dawa, na ziliponichosha nilimwambia akazibadilisha. Zile safari nilizokuwa nikikuambia naenda mkutano wa wazazi, nilikuwa naenda huko. Hata kupona nilikuficha.

Na nilimpigia baba yako. Nilimwambia mwalimu, nimekuwa nikikudanganya, mimi si mzima. Akasema yeye pia alikuwa akinidanganya. Usiku huko kulikuwa na milio ya bunduki mbali, alikuwa akilala na redio wazi, na darasani mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi anaficha chaki mfukoni. Wiki baada ya wiki tulikuwa tumepigiana simu kuulizana habari, yeye buya mono, mimi buya mono, tukamaliza vocha. Ukimwona leo hawezi kuketi sebuleni mpaka redio iwe inaongea, usimfokee.

Sasa nikurudishe jikoni, siku ile ya kupogoa, kwa sababu hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo. Ulitoka shule jioni ukakuta shamba limekuwa vijiti na mama yako anakunywa chai na wanawake, macho yamevimba, anacheka. Ulisimama kwenye mlango na begi mgongoni. Ulinitazama. Nilijua unachoniuliza. Ulikuwa unaniuliza kama ulikosea kusema ukweli, na kama bado unatakiwa kusema niko sawa. Nami niliona haya mbele za watu, nikakupa uji.

Sikukujibu siku hiyo, wala mwaka huo, wala hadi leo. Wewe ukajijibu mwenyewe. Tangu wakati huo sijakusikia ukilalamika. Ulipokosa kozi uliyoitaka ulisema hata hii ni nzuri. Duka la simu la Kisii lilipofungwa ukarudi na mabegi yako, ulisema, "Ni sawa, Mama, nilikuwa nimechoka na kazi ile," na mimi, mimi kati ya watu wote, nikasema vizuri, nikakuonyesha pa kuweka mabegi. Majirani wananisifu kwamba nina mtoto asiye na shida. Kila wakinisifu nausikia mkono wangu juu ya kiwiko chako.

Basi jibu lako hili hapa, limechelewa. Hukukosea. Ulisema kweli, na kweli yako ndiyo iliyoleta yale mapanga. Ungesema anapumzisha majani kama nilivyokufunza, sijui leo ningekuwa wapi. Mimi ndiye niliyekosea, na ninakuomba radhi, mwanangu, kwa kukuminya mkono na kwa kunyamaza miaka yote hii.

Sina ushauri mwingi. Najua tu kwamba kazi mpya inaweza kukuumiza hata kama uliiomba kwa magoti, na usijione huna shukrani. Uhamaji wenyewe ni mzigo. Mwezi wa kwanza hutajua choo kiko wapi, wala nani ni mkali, wala utani wao unachekesha wapi, na jioni utakuwa umechoka zaidi ya kazi uliyofanya. Mimi nilipoanza kupata nafuu sikuanza na mambo makubwa. Nilianza kwa kuchana nywele kabla ya kutoka chumbani. Siku nyingine hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, na nilijifunza kutoitukana.

Jihadhari pia na kipaji chetu cha kuchekesha watu. Unacho, nimekuona. Ni kitu kizuri, lakini ukijikuta unawachekesha wote kisha unarudi chumbani huwezi kuvua viatu, tafuta mtu mmoja umwambie. Si lazima awe mtu unayempenda. Mimi wangu nilimwogopa.

Mti uliopogolewa nao hauchipui kesho yake. Tulikaa na vijiti hivyo majuma mengi, wapita njia wakidhani ni kuni. Nilikuwa nakwenda kuvitazama kila asubuhi kwa hasira. Usijikasirikie hivyo.

Kuna jambo moja ambalo huenda likakuudhi. Jana Mama Bosibori aliniuliza njiani, "Mtoto anaenda akifurahi?" Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ndiyo, sana. Nikamwambia, "Anaogopa. Na mimi naogopa." Nimetangaza nyumba yako, Kwamboka. Akasema, "Hiyo barabara ya Naivasha tunaijua, si mbali." Zile ndizi mbivu utakazozikuta juu ya mkoba ni zake. Amechagua zile ambazo hupeleka Keumbu kwa wateja wake wazuri.

Mvua inapungua. Baba yako amesimama, ametangaza kwamba zipu imepona, na sasa anatazama njia. Nitaiweka barua hii mfuko wa pembeni, chini ya njugu, uione ukiwa umeshafika, maana ukiisoma hapa utaanza kunibembeleza.

Nikikupigia simu sitakuuliza kama uko salama. Jibu lake nalijua, nililitunga mwenyewe. Nitakuuliza, majani yanasemaje? Kama umechuma, niambie umechuma, nifurahi. Kama bado ni vijiti, niambie ni vijiti, tungoje pamoja. Lakini yakikushinda, yakapanda hadi begani, usiniambie unayapumzisha. Niambie lile neno ulilomwambia Mama Bosibori chini ya dirisha langu, sema, Mama, siwezi kuamka. Safari hii mkono wangu hautakuminya. Nitakunja sketi, nitabeba panga na sufuria, nitauliza njia mpaka nifike kwenye mlango wako, na sitabisha hodi.

Umefanya kwangu, nyathina, mwanangu. Zamu yako ipo.

Mama yako